Aliyebaki Kidakani

6 Aprili

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta nguo ziko kwenye kamba juu ya paa. Nimepanda ngazi mbio, nimeteleza, nimetukana, nimemuomba Mungu msamaha, na nguo zimelowa vilevile. Tangu mama afariki hakuna wa kunipigia ukelele, "Alawiya, mvua!" Yeye alikuwa akiisikia ikiwa bado iko ng'ambo, kisiwani Manda.

Basi nimeamua kuandika. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja, lakini baada ya Idi nani anashona? Kurasa ziko tupu. Na mtu akikaa peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili, asiposema na daftari atasema na cherehani. Cherehani nimeshaanza.

Habari ya leo ni moja: filamu imekwisha. Ruba ameniletea ujumbe kutoka Nairobi. "Imekamilika. Inatoka mwezi wa tano." Hakuna salamu, hakuna hujambo wewe, hakuna hata kikatuni kimoja cha kucheka. Nimejibu, "Alhamdulillahi. Hongereni." Nikangoja aseme neno la pili. Hakusema.

7 Aprili

Leo nimeamka na hamu ya kueleza, ingawa sijui namweleza nani.

Ruba na mimi tumekua mlango kwa mlango hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Yeye akichora, mimi nikisema. Katuni yetu tuliiita Mji wa Pili. Nyumba kama hizi zetu zina vidaka ukutani, vile vijishimo vya chokaa ambamo bibi zetu walipanga sahani za kauri. Katika hadithi yetu kidaka kimoja kina ndia, njia ya siri, ndani yake. Msichana anayeitwa Esha huingia humo akatokea Mji wa Pili, ambako kila kitu kilichopotea Lamu huenda kukaa, na huko hupigana na majini mpaka akirudishe. Mwenzake, Mwanashee, haingii. Yeye hubaki kidakani akizungumza. Azungumze lolote, umbea, bei ya samaki, ugomvi wa majirani, mradi asinyamaze, kwa sababu Esha hurudi kwa kuifuata sauti ile. Sauti ikikatika, Esha hana ndia.

Esha ni Ruba. Mwanashee ni mimi. Hatukuwahi kuambiana hivyo, lakini maneno ya Mwanashee yote nimeyatoa kinywani mwangu. "Fanya haraka wewe, wali unashika tini!" "Ukifa usinilaumu, nilikwambia uvae viatu." Tulikuwa tukitoa nakala dukani na kuzigawa, na wasichana wa skuli wakapokezana mpaka kurasa zikalegea kama mkate wa jana. Baadaye Ruba akaiweka mtandaoni, studio ya Nairobi ikaiona, wakamwita kazini. Huu ni mwaka wa sita. Katuni ilikomea hapo, maana mimi nasema tu, siwezi kuchora hata yai.

12 Aprili

Mvua. Nimeshona gauni la mtu mikono miwili yote ya kushoto. Nimefumua.

15 Aprili

Jambo hili linanikera na leo nalitoa.

Mwaka jana nilipigiwa simu ya picha na Nerea, ndiye mkurugenzi wa filamu. Mwanamke mchangamfu, miwani mikubwa, anacheka kabla hajasema. Ruba alikuwa kwenye kidirisha chake pembeni. Nerea akaniambia, "Dada Alawiya, filamu ni fupi. Itabidi tupunguze wahusika, wengine tuwachanganye. Uko sawa na hiyo?"

Nikasema, "Nyinyi ndio wajuzi. Fanyeni muonavyo."

Sasa mtu yeyote wa hapa, hata mtoto anayejifunza kufunga viatu, anajua nilisema nini. Nilisema la! Kwetu mtu haulizwi mara moja. Mgeni akikaribishwa chakula husema ameshiba. Akiraiwa, yaani akibembelezwa, husema basi kidogo tu. Akiraiwa mara ya tatu husema kweli yake, akala au akashukuru akainuka. Anayekubali mara ya kwanza ni mroho, na anayekataa kavukavu mara ya kwanza hakufunzwa adabu kwao. Mimi nimefunzwa, tena kwa mwiko. Kwa hiyo nilikaa pale mbele ya simu, mikono magotini, nikimngoja Nerea aniambie, "Hapana dada, hebu tuambie kweli." Nerea akasema, "Asante sana! Waandishi wote wangekuwa kama wewe!" Simu ikakatika.

Nerea simlaumu. Huko kwao ukisema ndiyo ni ndiyo. Lakini Ruba alikuwepo. Ruba ameraiwa chakula nyumbani kwetu maisha yake yote, na mama alikuwa akimjazia sahani huku yeye akiapa ameshiba. Nilimuona akiinamisha kitwa kama aliyeangusha sindano. Wala hakumwambia Nerea aniulize tena.

Labda wanaopunguzwa ni majini. Majini walikuwa wengi mno, mimi mwenyewe nilimwambia.

22 Aprili

Simu kimya.

24 Aprili

Jirani yangu Bi Ummu ameniletea mkate wa sinia. Bi Ummu haleti mkate bure, huleta mkate na maswali.

"Ile filamu yenu lini?"

"Mwezi wa tano, inshallah."

"Na Ruba atakuya?"

"Ana kazi nyingi."

"Umemwambia aye?"

"Bi Ummu, Ruba ni mtu mzima, hahitaji kuambiwa."

Akanitazama kwa yale mato yake madogo, akala kipande cha mkate wake mwenyewe. Sikupenda alivyonitazama.

3 Mei

Rawiya, binti yake Bi Ummu, anayesomesha skuli ya wasichana, amekuja mbio na mwavuli umepinduka. Studio imekubali filamu ionyeshwe Lamu! Wanaume watatazama uwanjani mvua ikiruhusu, na wanawake tutakuwa na siku yetu katika ukumbi wa harusi, tarehe kumi na saba. "Shangazi Alawiya, wewe utakaa mbele kabisa!" Nikamwambia mimi mtu wa nyuma. Akanirai, nikakubali.

Nimemwandikia Ruba: "Wanawake wataonyeshwa tarehe kumi na saba. Kama una nafasi."

Kama una nafasi! Mkono ulikuwa unaandika nami nautazama. Nilichotaka kusema ni, njoo ukae kando yangu, siwezi kuitazama peke yangu. Amejibu, "Nitajaribu, kazi imenibana." Nami, hodari wa adabu, nikajibu, "Usijitaabishe, ndia mbaya na mvua hii." Akanitumia kidole gumba. Usuhuba wa tangu tukiwa na mapengo, kidole gumba.

5 Mei

Nimetandika kitanda cha chumba cha juu. Haja ya kukitandika sijui. Godoro lilikuwa linanuka unyevu, ndiyo sababu.

9 Mei

Mvua. Barabara ya kuja Mokowe, kwenye gati la bara, imekatika, mabasi yamelala njiani. Nimefurahi, Mungu anisamehe. Sasa asipokuja nitasema ni barabara.

13 Mei

Barabara imetengenezwa.

17 Mei

Imekwisha. Nimerudi, nimevua gauni jipya, nimekaa. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Mlangoni Rawiya alikuwa na kikapu cha ukindu anakusanya simu, kama ilivyo kwenye harusi zetu, maana wanawake wakishavua mabuibui hawataki sura zao zikazurure mtandaoni. Nikatia yangu. Ukumbi ulikuwa unanukia udi na bisi. Nikakaa mbele, na kiti cha kando yangu nikakiwekea mkoba.

"Kina mtu iki?" Bi Ummu akaniuliza.

"Kina."

"Nani?"

Nikaupanga mkoba vizuri kitini. Akakaa upande wa pili akijipepea.

Taa zikazimwa. Mwanzo watu wote walisema mashaallah, kwa sababu ni chetu. Baada ya hapo mashaallah zikapungua. Lamu ya filamu ile ina ngamia! Ina jangwa! Bahari yake nzito kama uji wa mgonjwa. Mtu akisema, mdomo unakwenda huku na maneno yanakwenda kule. Esha wamemkata buibui likawa bawa la kurukia, kiuno kama cha nyigu, na kazi yake ni kuruka mapaa akipiga majini mateke. Anapiga, wanaanguka, wanainuka, anapiga tena. Nyuma yangu mabibi walishaanza kuulizana bei ya vitunguu, na mtoto wa mtu alilala.

Mimi nilikuwa namngoja Mwanashee. Nilijua kila ukurasa. Esha anafika ukutani, anaweka mkono juu ya chokaa, na Mwanashee anamshika nguo anamwambia, "Nenda, mimi niko hapa." Esha akafika ukutani. Kidaka chenyewe wamekifanya kikubwa kama lango la ngome, kinafuka moshi wa buluu. Nikashika kiti kwa mikono miwili.

Akatokea punda.

Punda wa kijivu, meno nje, kofia ya viua, ile ya kudarizi, imekaa upande. Sauti ni ya mchekeshaji wa bara anayejitia mtu wa pwani, kila neno wallahi. Akasema, "Fanya haraka wewe, wallahi, wali unashika chini!"

Ukumbi mzima ukacheka. Wala hawakucheka kwa kubeza, walicheka kweli, kicheko cha kwanza tangu filamu ianze. Punda akasema, "Ukifa usinilaumu, nilikwambia uvae viatu." Wakacheka tena, wengine wakapiga vigelegele. Bi Ummu akanipiga paja akasema kwa sauti, "Punda uyu namyua!" Kisha akajisikia mwenyewe alichosema. Akanigeukia polepole, mkono mdomoni.

Nami nikacheka. Nifanye nini? Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na nikashukuru kwamba nilikuwa nacheka, ili machozi yapate udhuru.

Na hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba punda anaingia pamoja na Esha. Wanakwenda wote wawili. Kidakani hakubaki mtu. Na mwisho wa filamu Esha hafuati sauti ya yeyote, hana haja nayo, anaupiga ukuta teke moja, ukuta wote wa vidaka unaporomoka na muziki unalia, naye anatoka juu ya kifusi kama bibi harusi. Mama mmoja nyuma akasema, "Hasara! Ukuta mzuri vile."

Majina yalipoanza kupanda stima ikapotea, na hakuna aliyelalamika.

Mlangoni nikachukua simu yangu kikapuni. Ruba alikuwa amenipigia, amenipigia, amenipigia tena. Na ujumbe: "Alawiya usiitazame kabla hatujasema. Pokea simu tafadhali." Ameuandika wakati taa zinazimwa. Mwaka mzima alikuwa na mdomo, akaja kuukumbuka simu yangu ikiwa kikapuni.

Sikumpigia. Nimerudi peke yangu kwa uchochoro wa nyuma, nguo imelowa mpaka magotini.

20 Mei

Mtoto wa duka la mkabala ameniona dirishani akalia kama punda. Mama yake amempiga kofi. Sijui nani kati yetu amelia zaidi.

23 Mei

Rawiya amenisomea yanayosemwa mtandaoni, nchi nzima. Filamu inachanwachanwa. Picha mbovu, hadithi haina kichwa wala miguu, vita havina maana. "Lakini shangazi, sikiliza, wote wanasema hivi: aliyeiokoa filamu ni punda! Wanasema maneno yake ni matamu, nani aliyaandika?"

Basi hiyo ndiyo hadhi yangu. Kitu kizuri pekee katika kitu kibovu, tena mnyama. Rawiya alidhani nitafurahi. Nikamwambia ahsante mwanangu, nikampimia gauni la Idi, nikamchoma sindano.

26 Mei

Ruba amepiga. Nimeitazama simu ikitetemeka juu ya meza mpaka ikaanguka.

27 Mei

Amepiga tena. Nilikuwa karibu nayo. Vilevile sikuipokea.

28 Mei

Bi Ummu leo hakuleta mkate, ameleta maneno matupu.

"Mpigie mwenzio."

"Yeye ndiye aliyekosa."

"Kwani nimesema hakukosa? Nimesema mpigie."

"Bi Ummu, nimefanywa punda mbele ya mji mzima!"

"Na punda uyo ndiye tuliyempenda. Iliporudiwa ukumbini mimi nilienda tena na mawifi zangu kwa ajili yake." Akavaa viatu vyake. "Haya, kaeni hivyo, kila mtu na haki yake nyumbani kwake."

Nilitaka kumrushia mkasi.

29 Mei

Hajapiga.

30 Mei

Hajapiga.

2 Juni

Mvua kubwa kuliko zote. Paa linavuja chumbani kwa mama, nimetega sufuria tatu na karai. Asubuhi nzima nimekuwa nikisema kwa sauti. Nimeisema mvua, nimelisema paa, nimemsema fundi aliyelitengeneza, nimemsema Ruba, nimemsema mama kwa kufa. Nilipochoka nikanyamaza, na nyumba ikanyamaza pamoja nami. Nikashikwa na hofu ya ajabu. Nikarudi kusema tena, juu ya bei ya saruji, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

8 Juni

Idi ya kuchinja imepita. Nilipika biriani ya watu wanane kwa mazoea, nikaigawa mtaani. Wote walikataa, nikawarai, wakachukua.

10 Juni

Ruba yuko juu, amelala kwenye kitanda nilichotandika mwezi uliopita.

Mlango uligongwa adhuhuri. Nikadhani ni mtu wa nguo. Nimefungua, amesimama pale na begi mgongoni, suruali imelowa chini ya buibui, amekonda, nywele za kipajini zimeingia mvi. Amevuka kutoka Mokowe na mvua ile. Hakuniambia anakuja.

"Hodi," akasema, mlango uko wazi.

"Karibu," nikasema, kama kwa mteja.

Nikamwekea chakula. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari ya maembe aliyokuwa akiililia. Akasema, "Usiniwekee mengi, nimekula njiani." Mkono wangu ulishainuka na kijiko cha pili. Nikaurudisha. Nikamwachia palepale, kijiko kimoja cha wali kwenye sahani kubwa. Akaitazama sahani. Akajua kabisa nimefanya nini.

Tukala. Mvua ikatusaidia kwa kelele.

Mwisho nikamwambia, "Ulijua. Siku ile nilipomwambia Nerea fanyeni muonavyo, ulijua nimekataa."

"Nilijua."

Sikutarajia akiri upesi hivyo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumbana, sasa hayana kazi.

"Mbona hukunirai?"

"Kwa sababu ningekurai, ungesema la. Na ungesema la, filamu isingefanywa." Akasukuma sahani. "Miaka yote hii nachora midomo ya vikatuni vya watu, Alawiya. Midomo tu. A, e, i, o, u, siku nenda siku rudi. Nilitaka kimoja kiwe changu."

"Chetu."

"Chetu. Sasa umeona kilivyotoka. Unadhani mimi sikulia? Nilikaa katika ukumbi wa Nairobi, watu wakaanza kutoka kabla ya nusu. Nikawa natazama mgongo wa kila anayeinuka."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekaa kizani na aibu.

"Na punda?" nikasema.

"Walitaka kumfuta Mwanashee kabisa. Walisema msichana anayekaa tu na kusema hafai katika filamu ya vita, watoto watachoka. Nikasema basi maneno yake yabaki, hata kama ni kinywani mwa nani. Wakaleta punda. Nikakubali. Niliona bora nikusikie hivyo kuliko nisikusikie kabisa."

Nikainuka nikaenda kuosha mkono usiohitaji kuoshwa.

Niliporudi akaniambia alichotumwa. Watengenezaji wamesoma yale ya mtandaoni kama tulivyosoma sisi. Wanataka filamu nyingine, fupi fupi, ya punda peke yake, na wanataka mimi niandike maneno yake. Jina langu litatajwa, kila kitu. "Unaonaje?"

"Sitaki."

Akatabasamu kidogo, yule Ruba wa zamani. "Haya, sema kweli."

"Sitaki, Ruba. Sisemi hivi ili unirai. Sitaki leo na sitaki kesho."

Tabasamu likaisha. Nadhani katika maisha yake hajanisikia nikisema la bila kulifunga katika kitambaa. Hata mimi nilijisikia kama niliyetoka mlangoni bila buibui.

"Basi unataka nini?" akaniuliza. "Miaka sita sijui unataka nini. Nikikuuliza habari unasema njema. Mama alipofariki nikasema nije, ukasema usijitaabishe."

"Nilitaka uje!"

"Ningejuaje?"

"Wewe? Wewe usijue? Mtu wa hapa hapa? Nerea nitamsamehe, wewe ulikuwa wa kunirai!"

Akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mvua, ikabidi nisogee nimsikie. "Nilikurai. Mara ile nilipoitwa Nairobi. Tulikuwa hapa hapa. Nilikuuliza, niende? Ukasema nenda. Nikakuuliza tena, kweli niende, utabaki na nani? Ukasema nenda, mimi nina nini cha kukuzuia. Siku ya safari nikakuuliza kule gatini, nimeshaingia chomboni, begi liko mabegani. Nikasema, Alawiya, sema neno moja nishuke. Ukasema nenda, mwenzangu, usinifikirie. Mara tatu. Nilikuuliza mara tatu, na kwetu ya tatu ndiyo kweli. Nikaenda."

Nakumbuka. Nakumbuka hata viatu alivyovaa.

"Nilikuwa nangoja ya nne," nikasema.

Ruba akakaa chini palepale sakafuni akalia, na mimi nikakaa nikalia, watu wazima wawili, na samaki akapoa.

11 Juni

Tumekaa siku nzima kama wasichana. Tumesema watu. Tumewachana ngamia wale. Amenichorea Bi Ummu akila mkate wake mwenyewe, nikacheka mpaka nikashika ubavu. Cherehani halikusikia neno langu leo.

12 Juni

Mvua imepungua, upande wa Manda kumekucha kweupe. Ruba anarudi leo, kazini wanamtaka Jumatatu.

Nilijizatiti tangu alfajiri. Wakati anafunga begi nikasimama mlangoni nikamwambia bila kuzunguka, "Baki. Chumba kipo. Tutaanza katuni upya, wewe uchore mimi niseme. Studio waachie ngamia zao."

Akaacha kufunga. Akasema, "Siwezi, Alawiya."

Tulipokuwa tunakunywa kahawa nikamwambia tena, "Nakurai. Baki hata masika yaishe."

"Siwezi. Maisha yangu sasa yako kule, mazuri na mabaya. Nitakuja Maulidi, nitakupigia kila siku. Lakini kubaki siwezi."

Tukashuka gatini. Alishaingia chomboni, amekaa kwenye ubao, vesti la kuelea shingoni, begi mapajani. Nikainama mbele ya watu wote, manahodha na wapagazi na mama wauza samaki, nikamwambia, "Ruba. Sema neno moja, nishike begi."

Alinitazama. Mato yake yalikuwa mekundu. Akatikisa kitwa.

Mara tatu. Nikasema, "Haya. Nenda kwa salama." Na nilisema vizuri, bila kinyongo, kwa sababu mtu aliyeulizwa mara tatu amesema kweli yake, naye aachwe. Injini ikawashwa. Alikuwa bado ananitazama kinyume, shingo imegeuka, mdomo wazi kidogo, mpaka chombo kikazunguka.

Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nimekaa mbele ya cherehani, nimetia uzi kwenye sindano. Ndipo nikajiuliza kama na yeye alikuwa anangoja ya nne.